"Fundi, mafaili yangu yamefutika": matatizo ya akaunti kwenye kompyuta inayotumiwa na wengi

Ofisi nyingi za Moshi na Arusha hazina uwezo wa kumpa kila mtu kompyuta yake. Kwenye AMCOS (chama cha ushirika) ya kahawa kule Uru au Kibosho, katibu, mhasibu na karani wanapokezana mashine moja. Kwenye steshenari za jirani na stendi ya Moshi, mteja akiinuka baada ya kujaza fomu ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, mwingine anakaa kuomba namba ya mlipakodi (TIN). Kwenye ofisi ya utalii pale Arusha, anayeshughulikia wageni anaitumia asubuhi, mhasibu jioni, na madereva wanapita alfajiri kuprinti vocha. Malalamiko yanafanana kote: mafaili yamefutika, kompyuta imegoma, imeingia kirusi. Mara nyingi hakuna kilichofutika wala kirusi. Mafaili yapo kwenye diski, ila aliyekaa kwenye kiti yuko ndani ya profaili isiyo yake, au yuko kwenye yake lakini hana ruhusa ya kufungua anachokitafuta.

Tutenganishe vitu viwili kwanza, maana matengenezo mengi mabovu yanaanzia kwenye kuvichanganya. Akaunti ni jina na nywila. Profaili ni folda iliyo ndani ya C:\Users yenye Desktop yako, Documents zako, na faili iliyofichwa iitwayo NTUSER.DAT inayotunza mipangilio yako. Windows inaviunganisha viwili hivi kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, inayoitwa SID. Jina la akaunti ukilibadilisha, namba haibadiliki, na folda nayo inabaki na jina lake la zamani. Ndiyo maana unaweza kumkuta Neema anafanya kazi ndani ya C:\Users\Juma na kila kitu kinakwenda sawa.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, lakini bado imejaa maofisini na matatizo yake ya profaili ni yaleyale.

Kabla ya kufuta, kurejesha au kupiga Windows upya, fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) uandike amri mbili:

whoami
echo %userprofile%

Ya kwanza inakwambia wewe ni nani. Ya pili inakwambia uko kwenye folda ya nani. Majibu hayo mawili yanamaliza nusu ya ubishi wa ofisini.

Desktop imekuwa tupu kama ya kompyuta mpya

Umeandika nywila, imekubaliwa, Windows imekawia kufunguka kuliko kawaida, kisha unaletewa desktop kavu. Picha ya watoto uliyoweka haipo, mafaili hayapo, brauza inakusalimia kama mgeni. Pengine umetokea ujumbe "We can't sign in to your account". Andika zile amri mbili: whoami itataja jina lako halali, lakini ya pili itajibu C:\Users\TEMP. Maana yake Windows imeshindwa kufungua profaili yako, ikakuazima ya muda ili angalau uingie.

Usifanye kazi humo. Chochote utakachohifadhi kwenye Desktop au Documents ya profaili ya muda kinafutwa unapotoka. Kama umeshaandika barua nzima kabla ya kugundua, ihamishie kwenye flashi au kwenye diski D kabla hujabofya Sign out.

Kisha bofya Restart. Isiwe Shut down, kwa sababu Windows za siku hizi zina Fast Startup: ukizima, sehemu ya mfumo inahifadhiwa na kurudishwa ilivyokuwa ukiwasha, pamoja na hitilafu yake. Restart ndiyo inayoanza mwanzo kweli. Safari nyingi tatizo linaishia hapo, kwa kuwa chanzo kilikuwa antivairasi iliyoishikilia NTUSER.DAT wakati unaingia.

Likirudi, tafuta chanzo kabla ya tiba. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs kisha Application, utafute matukio ya User Profile Service. Namba 1511 inasema profaili haikupatikana ikafunguliwa ya muda. 1515 inasema profaili imewekwa akiba. 1508 inasema rejista ya mtumiaji, yaani hazina ya mipangilio yake, haikufunguka. Vyanzo vyenyewe huwa vinne. Umeme umekatika wakati NTUSER.DAT inaandikwa, na kwa mtumiaji aliyeingia faili hiyo iko wazi muda wote. Diski C imejaa. Diski yenyewe inaanza kufa. Au kuna mtu alifungua C:\Users akaona folda ya jina asilolijua, akaifuta au akaibadilisha jina kwa mkono. Huyu wa mwisho anapatikana katika kila ofisi, na kwa kawaida hajisemi.

Angalia nafasi ya diski. Kisha, kwa akaunti yenye haki za admini (msimamizi wa kompyuta), endesha chkdsk C: /f, amri ya kukagua diski, ukubali kwa Y, uwashe upya uiache imalize. Ikionyesha sekta mbovu, nakili mafaili ya watu wote kwanza. Habari ya profaili itasubiri.

Diski ikiwa nzima, ingia kwa akaunti nyingine ya admini, fungua regedit, ufuate njia hii:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\ProfileList

Bofya ProfileList kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Export, uhifadhi nakala. Hatua hii haina mjadala, rejista haina kitufe cha kurudi nyuma. Sasa pitia zile namba za S-1-5-21 moja moja ukiangalia ProfileImagePath upande wa kulia, mpaka uipate ya mwathirika. Utakachotegemea kuona ni namba ileile mara mbili, moja ikiishia na .bak. Yenye .bak ndiyo profaili yake halisi, isiyo na .bak ndiyo inayoelekeza TEMP. Ile isiyo na .bak ibadilishe jina kwa kuiongezea .old mwishoni, kisha nenda kwenye yenye .bak uondoe hicho kipande cha .bak. Hakikisha ProfileImagePath yake inataja folda sahihi. Kama kuna State na RefCount, ziweke 0. Washa upya, mwite mwenyewe aingie.

Ukikuta namba moja tu yenye .bak, iondolee .bak na urekebishe State na RefCount vilevile. Ukikuta ProfileImagePath inataja folda ambayo haipo tena, rudi kwa wenzako uulize kwa upole nani alikuwa anafanya usafi.

Ikigoma bado, NTUSER.DAT imeshaharibika. Usipoteze mchana mzima kuifufua. Fungua akaunti mpya, mwenyewe aingie mara moja ili profaili izaliwe, atoke, kisha kwa akaunti ya admini nakili Desktop, Documents, Downloads na Pictures kutoka folda ya zamani. Faili zote zinazoanza na ntuser ziache hukohuko, ukizinakili unahamisha ugonjwa pamoja na mgonjwa. Folda ya zamani ibaki wiki kadhaa kabla ya kufutwa. Kuna kitu ambacho mtu atakikumbuka siku ya kufunga mahesabu.

Kuna desktop tupu ya aina nyingine. Amri ya pili inajibu folda yako sahihi, si TEMP, na bado hakuna mafaili. Tazama C:\Users\jina lako\OneDrive\Desktop. Kuna siku OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, iliomba kuhifadhi mafaili yako, mtu akabofya ndiyo, ikahamishia Desktop kwake, na baadaye mwingine akaitoa OneDrive kwa sababu inakula bando. Mafaili yatakuwa pale, au kwenye tovuti ya OneDrive ya akaunti iliyotumika.

Nimemwekea mwenzangu faili lakini hafungui

Mhasibu ameweka jedwali la malipo ya wakulima kwenye folda ya pamoja, karani akibofya anaambiwa hana ruhusa. Muulize mhasibu aliliwekaje. Kama alilikata kutoka Documents zake na kulibandika, hapo ndipo penye kosa: faili inayohamishwa ndani ya diski ileile inaweza kubaki na ruhusa za kule ilikotoka, ambako ni mwenyewe na maadmini tu wanaoruhusiwa. Ikinakiliwa, inachukua ruhusa za folda inakofikia. Kwa hiyo nakili, hakikisha mwenzako ameifungua, ndipo ufute ya kwako.

Zilizokwisha kuharibika zirekebishwe kwa kuzilazimisha zirithi ruhusa za folda ya pamoja. Kwa Command Prompt ya admini:

icacls D:\Pamoja\* /reset /t

Elekeza amri hii kwenye folda ya pamoja peke yake. Mtu akiielekeza kwenye C:\Users au C:\Windows kwa kudhani anafungua milango yote, atakuwa na kazi nyingine kabisa ya kufanya wiki hiyo.

Folda yenyewe ya pamoja ni bora iwe moja, mahali panapojulikana, nje ya profaili ya mtu yeyote. Ofisi nyingi zinatumia Desktop ya aliyekuwa wa kwanza kununuliwa kompyuta, na huo ndio mwanzo wa vurugu. Tengeneza kundi, waingize watu, kisha ulipatie kundi hilo ruhusa:

net localgroup Ofisi /add
net localgroup Ofisi neema /add
icacls D:\Pamoja /grant Ofisi:(OI)(CI)M

Herufi M inamruhusu mtu kusoma, kuandika na kufuta. OI na CI zinafanya ruhusa ishuke kwenye mafaili na folda za ndani. Kama umemwingiza mtu kwenye kundi na bado anakataliwa, atoke kabisa aingie tena. Windows inasoma makundi yako wakati wa kuingia tu.

Kuna ujumbe mmoja wa kuuogopa kidogo. Admini akijaribu kufungua folda ya mwenzake, Windows inamwambia kwa sasa hana ruhusa, halafu inampa kitufe cha Continue. Wengi wanadhani wanachungulia mara moja. Ukweli ni kwamba ukibofya, jina lako linaandikwa kwenye ruhusa za ile folda moja kwa moja, na litabaki hadi mtu aliondoe. Kwa folda ya mishahara hilo si jambo dogo, na pia ni hoja tosha ya kutowapa watu wote haki za admini.

Wenye Ubuntu kwenye maabara za shule, wazo ni hilohilo: folda iwe nje ya /home, iwe na kundi lake, na ipewe chmod 2770 ili kila faili mpya ichukue kundi la folda. Tangu toleo la 21.04, akaunti mpya za Ubuntu zinafungiwa /home zao zisichunguliwe na wengine, kwa hiyo mbinu ya zamani ya kumwelekeza mwanafunzi asome kutoka /home ya mwalimu haifanyi kazi tena.

Excel inasema faili imefungwa na mtu ambaye hayupo

Mtu huyo yupo, ila amejificha. Alibofya Switch user badala ya Sign out akaenda kula, na Excel yake bado iko wazi nyuma ya pazia. Fungua Task Manager, kipengele cha Users, utamwona. Admini anaweza kumtoa kwa Sign off, lakini kila ambacho hakukihifadhi kitapotea, hivyo mpigie simu kwanza.

Kama hayumo kwenye orodha, huenda umeme ulikatika faili ikiwa wazi. Washa kuona mafaili yaliyofichwa, utakuta kando yake faili ndogo yenye jina lilelile likianza na ~$. Ukishahakikisha hakuna aliyeifungua, ifute hiyo ndogo. Jina linalotajwa kwenye ujumbe, kwa njia, linatoka kwenye mipangilio ya Office na si kwenye akaunti ya Windows. Ofisi ambayo Office za wote ziliandikwa "User" haitajua kamwe nani amefunga nini. Ingia Options uandike jina la kila mtu kwenye profaili yake.

Programu iko kwake, kwangu haipo

Mara nyingine programu ipo, kilichokosekana ni alama ya kuibofya. Iweke C:\Users\Public\Desktop na watu wote wataiona. Lakini zipo programu zinazojifunga (kujisakinisha) ndani ya profaili ya aliyezifunga tu, kwenye AppData\Local. Ukipewa chaguo wakati wa kufunga, chagua la watumiaji wote.

Mtego uko hapa: karani anaanza kufunga programu, Windows inaomba nywila ya admini, bosi anainama anaandika, wanamaliza. Karani hakioni kitu. Programu imeingia kwenye profaili ya bosi, kwa kuwa kuanzia nywila ilipoandikwa, kazi ilikuwa inafanyika kwa jina lake.

Printa nayo ina tabia mbili. Iliyochomekwa kwa waya inaonekana kwa wote. Iliyounganishwa kutoka kompyuta nyingine ya ofisini inaunganishwa kwa kila mtumiaji peke yake. Printa inayochaguliwa yenyewe unapoprinti (default) pia ni ya kila mtu na yake. Kama inabadilikabadilika yenyewe, nenda kwenye mipangilio ya printa uzime chaguo la kuiachia Windows isimamie, maana hiyo inafuata printa uliyotumia mwisho, hata kama ilikuwa ya kutengenezea PDF.

Kompyuta nzito, diski imejaa

Angalia tena Task Manager, Users. Watu watatu waliobofya Switch user, kila mmoja na brauza yake, kwenye mashine yenye RAM ya GB 4: hapo hakuna kirusi cha kutafuta. Wafundishwe Sign out.

Kuhusu diski, endesha sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha Settings ya User Profiles. Utaona ukubwa wa kila profaili na mara ya mwisho iliguswa lini. Hapo ndipo unapogundua GB 60 za mtu aliyehama. Ukiondoa takataka za Recycle Bin ujue umeondoa zako tu. Kila mtumiaji ana pipa lake, na la mwenzako linaendelea kula diski ileile. Profaili isiyohitajika ifutwe kwa kitufe cha Delete cha dirisha hilohilo, kwa sababu kinafuta folda pamoja na kumbukumbu yake kwenye rejista. Ukifuta folda peke yake, utarudi kwenye kisa cha TEMP.

Mteja amekuta email ya mteja mwingine iko wazi

Hili ni la steshenari, na ndilo linalochukuliwa kimzaha kuliko yote. Akaunti moja, haina nywila, na Downloads yake ina vyeti vya kuzaliwa, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) na CV za mtaa mzima. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mwenye steshenari anayekaa na nyaraka za watu hayuko nje yake. Kutengeneza profaili kadhaa ndani ya Chrome hakusaidii hapa, maana hazina kufuli. Yeyote aliyeketi anabofya ya jirani.

Akaunti ya Guest ya zamani haitumiki tena kwa kuingilia kwenye Windows 10 na 11, lakini kundi lake lipo. Tengeneza akaunti ya wateja uihamishie huko:

net user Wateja /add
net localgroup Users Wateja /delete
net localgroup Guests Wateja /add

Windows ikiwa ya lugha nyingine isiyo Kiingereza, majina ya makundi yatakuwa ya lugha hiyo. Mtumiaji wa kundi la Guests akitoka, profaili yake yote inafutwa: Downloads, historia, email iliyoachwa wazi, vyote. Ijaribu mwenyewe kwanza kwa kuhifadhi faili, kutoka na kurudi. Bandika karatasi kwenye kioo: "Hifadhi kwenye flashi au jitumie kwa email kabla ya kuondoka." Na kila mteja akiinuka, mhudumu abofye Sign out, vinginevyo mpango wote haufanyi kazi. Akaunti ya mhudumu iwe nyingine, yenye nywila, na mfanyakazi asiwekwe kwenye Guests hata kwa siku moja.

Mfanyakazi ameondoka

Kishawishi ni kubadili jina la akaunti yake na kumkabidhi mgeni. Mgeni atarithi email zilizohifadhiwa, nywila za brauza na WhatsApp ya mtu, ndani ya folda yenye jina la aliyeondoka. Mfungulie yake mpya.

Ya zamani usiifute siku hiyohiyo. Izuie kwanza:

net user juma /active:no

Hamishia mafaili ya kazi kwenye folda ya pamoja, kisha ukifuta pitia Control Panel, kwenye User Accounts, kwa sababu huko unaulizwa kama unataka kubaki na mafaili. Ukikubali, yanawekwa kwenye folda juu ya Desktop yako. Njia ya Settings inaondoa akaunti na data yake kwa pamoja. Na usikimbilie kumbadilishia nywila kwa nguvu ili uingie ukachungulie: nywila ikiwekwa upya na admini, mafaili yaliyofungwa kwa usimbaji wa Windows hayatafunguka, na nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza zinaweza kupotea.

Ikitokea aliyeondoka ndiye admini pekee, kuna njia chache. Akaunti yake ikiwa ya Microsoft, nywila inabadilishwa mtandaoni kwa namba ya simu au email iliyosajiliwa, maana yake utamhitaji yeye. Ikiwa ya ndani ya kompyuta, kwenye Windows 10 toleo la 1803 na kuendelea kuna maswali ya usalama, kama aliyaweka, na majibu anayo yeye. Mpigie simu mapema, mkiwa bado mnaelewana. Akishakupa, fungua akaunti ya pili ya admini, nywila yake iandikwe kwenye bahasha ikae kwenye sefu la ofisi pamoja na vitabu vya stakabadhi, na isitumike kwa kazi za kila siku.